Nimepata frem Tabata, nifungue duka la samaki wa mapambo au nibaki kufugia nyumbani? Naombeni ushauri wa kweli

tangi_la_tabata (mwenye uzi)

Wakuu habari za usiku, poleni na majukumu. Naomba mnisomee mpaka mwisho maana siku ya tatu hii silali vizuri na dalali kanipa mpaka Jumatatu niwe nimemjibu.

Mi ni mfugaji wa samaki wa mapambo, sio wa kula. Nilianza 2017 na tangi moja la lita 72, sentimita 60 kwa 30 kwa 40, kioo cha milimita 6, nililigandisha mwenyewe kwa silikoni baada ya kuelekezwa na fundi wa aluminiamu wa pale mtaani. Sa hivi yako 9 kwenye chumba kilichokua cha wageni, na wageni wakija wanalala sebuleni. Nina gapi, moli, goldifishi wachache, na matangi manne ni ya siklidi (ukoo wa samaki wenye aina nyingi sana kwenye maziwa yetu) wa Ziwa Tanganyika ambao ndio roho yangu ilipo.

Nimeajiriwa, niko stoo kwenye kampuni moja, mshahara unatosha kula na ada ila hausogei. Nimedunduliza miaka mitatu nina milioni 4 na laki 8, sina deni la mtu wala kausha damu. Sasa imepatikana frem iko kabisa kwenye lami, laki 2 na nusu kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi 6 mbele. Yani milioni 1 na nusu inaondoka kabla sijapiga hata msumari.

Kilichonipa wazo la duka ni mtoto wa jirani. Alikuja kuangalia akaniuliza anko hawa wametoka China? Alikua anaonyesha duboisi, wale wadogo weusi wenye madoa meupe kama wamenyunyiziwa chokaa. Nikamwambia hawa wametoka Kigoma, kwenye mawe ya ziwani. Hakuniamini. Nikakaa nikawaza, Mjerumani anapanga tangi zima sebuleni kwake lifanane na mwambao wa Kigoma, analipa hela ndefu kwa samaki watatu wa kwetu, halafu sisi hapa Dar ukisema akwariamu mtu anajua goldifishi tu. Nataka pawepo sehemu moja mtu akipita na mwanae amuonyeshe hawa wa kwetu hawa.

Mama watoto anasema tusitoe hela ambayo ikipotea tutagombana. Hajakataa ila hajakubali. Nisaidieni.

jumbe_wa_kitaa

Fungua mkuu, umri hausubiri. Watu wanakosa wazo ww unalo na ujuzi unao, unasubiri nini. Dar hii watu wana hela za mapambo, angalia wanavyonunua maua ya plastiki.

hesabu_kwanza

Kaka hongera kwa kudunduliza bila mkopo, hilo peke yake ni jambo. Ila kabla hatujaenda mbali weka daftari hapa. Mwaka mzima uliopita uliuza shilingi ngapi na nini kiliuza? Usiniambie "wateja wapo", niambie namba. Mi nina duka la vifaa vya shule mwaka wa 8 huu na nimeona watu wengi wanafungua duka kwa sababu wanapenda bidhaa, na mapenzi hayalipi pango.

tangi_la_tabata

Daftari ninalo dada/kaka, naandika kila kitu maana kazi yangu ni stoo. Miezi 12 iliyopita:

Samaki wenyewe milioni 1 na elfu 140.
Kusafisha na kuhudumia matangi ya watu (ofisi mbili, mgahawa mmoja na nyumba tano) milioni 1 na laki 6 na elfu 10.
Kutengeneza matangi mapya laki 6.

Jumla milioni 3 na laki 3 na nusu, haya ni mauzo sio faida. Yote nimeyapata kwa statasi ya wasap na kuambizana tu, sina bango wala nini. Ndo maana nawaza nikiwa na duka la kuonekana itapanda.

hesabu_kwanza

Ni dada. Asante kwa kuwa mkweli, sasa angalia kitu kimoja taratibu. Pango laki 2 na nusu mara miezi 12 ni milioni 3. Mauzo yako yote ya mwaka ni milioni 3 na laki 3 na nusu. Yani biashara yako yote ya sasa hivi, samaki, usafi, matangi, ukiiweka ndani ya hiyo frem inabaki laki 3 na nusu ya kununua chakula, umeme, leseni na kula wewe. Na aliyekulipa zaidi sio samaki, ni mikono yako kwenye nyumba za watu, na huyo mteja wa usafi hahitaji uwe na frem, anakuhitaji uende kwake. Ukikaa dukani kutwa nani atakwenda kuwasafishia?

Halafu kuna mambo ya serikali. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya chini ya milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato, ila frem ukiifungua huwezi kubaki huko, lazima uuze zaidi ya hapo ndo uishi. Mimi kipindi mauzo yangu yako kati ya milioni 7 na 11 nilikadiriwa laki 2 na nusu kwa mwaka, nilipovuka milioni 11 ikaja habari ya mashine ya risiti, EFD. Ongeza leseni ya halmashauri, na ile kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango ambayo kisheria unamkata mwenye nyumba ila wenye nyumba wengi wanakwambia "mimi nataka hela yangu kamili", kwahiyo inakua juu yako. Muulize kabla hujasaini, isiwe baada.

Sikukatazi. Nakwambia duka hilo inabidi liuze karibu mara tatu ya unachouza leo ndo upumue. Jiulize hao wateja mara mbili zaidi wako Tabata?

nyuzi_na_krosheti

Kaka naomba nikusimulie yangu maana inafanana sana na yako ingawa sio samaki.

Mi nafuma tangu niko shule ya msingi, nimefundishwa na bibi. Vitambaa vya makochi, sweta za watoto, mabegi. Nikafungua duka la nyuzi za kufumia na sindano zake hapa Mwanza, frem nzuri, nikapanga rangi kwa rangi mpaka watu wanapiga picha. Miezi 14 nikafunga. Wateja walikuja, tena wengi, ila walikuja kukaa. Mtu ananunua uzi mmoja wa elfu 3 anakaa masaa mawili umfundishe mshono, kesho anarudi kauchanganya umsaidie kufumua. Nilikua nawapenda na walikua wananipenda, ila jioni nahesabu droo ina elfu 11. Na zile rangi zisizotoka zinakaa, hela yote imelala kwenye uzi wa kijani ambao hakuna anaeutaka.

Kilichoniuma zaidi sio hela. Mwaka mzima ule sikufuma kitu changu hata kimoja. Nilikua nikirudi nyumbani sitaki kuona uzi. Ilinichukua karibu miezi 5 baada ya kufunga ndo nikashika sindano tena kwa raha.

Sa hivi nafundisha Jumamosi nyumbani, watu 6 kila mmoja elfu 15, vifaa natoa mimi na bei yake imo humohumo. Masaa yale yale mawili niliyokua nayatoa bure sasa ndo nayauza. Fikiria na ww, watu watakuja dukani kukuuliza maswali ya samaki wao waliougua kutwa nzima, utachaji? Kama hutochaji jua hilo ndo pango lako linavyoondoka.

tangi_la_tabata

Dada yangu hii ya kuchoka kitu unachokipenda imenigusa. Mi nikitoka kazini hata nimechoka vipi nakaa mbele ya lile tangi la duboisi dakika kumi kabla sijavua viatu. Mama akiwa amebeba watoto mdomoni utamuona kidevu kimeshuka kama amebugia kitu, anageuza geuza mayai taratibu, anajiepusha na wenzake. Kama mwezi mzima hivo. Halafu siku unakuta kichwa kidogo cheusi chenye madoa kinachungulia kwenye mdomo, unapita kivuli tu kinarudi ndani. Sijui nitajisikiaje siku nikimuangalia yule mama nikaona elfu tano tano.

kuhe_wa_ujiji

Mwenye uzi nimefurahi kukuta mtu wa Dar anawajua duboisi. Mi niko Kigoma, familia yetu ni ya wavuvi na nimewahi kufanya kazi na wapigambizi wanaokamata samaki wa mapambo wa kusafirisha nje. Nikupe vitu ambavyo dalali wa frem hatakwambia.

Cha kwanza usichukue samaki kwa njia za panya. Samaki wa mapambo wana vibali vyao, nenda Idara ya Uvuvi uulize unatakiwa kuwa na nini cha kufuga na kuuza, upate karatasi. Siku ukikamatwa na duka lina bango barabarani ni tofauti na mtu mwenye tangi sebuleni.

Cha pili ziwa lina ratiba zake. 2024 lilifungwa miezi 3 kuanzia Mei 15, nchi zote nne zinazolizunguka zikakubaliana uvuvi usimame samaki wazaliane. Mtu ambae duka lake linategemea mzigo wa Kigoma kila mwezi angefanyaje? Kwahiyo ww zalisha mwenyewe, usitegemee kukamata. Na kuna sababu nyingine kubwa zaidi. Hawa Trofeusi, yani kundi la hao duboisi wako, hawatembei. Aina moja ya rangi unaikuta kwenye kipande kimoja cha mawe tu, ukivuka ufukwe wa mchanga unakuta rangi nyingine kabisa kwa sababu hawathubutu kuvuka mchanga. Ukikomba kile kipande ndo umemaliza, hakuna wengine wa kuja kujaza. Nimeona sehemu ambazo tulikua tukizama tunawakuta wengi, leo unawahesabu.

Cha tatu hesabu ya uzazi. Gapi anazaa karibu kila mwezi, ishirini, thelathini, hata zaidi. Duboisi mama mmoja unapata kumi ukibahatika, mara nyingi chini ya hapo. Duka huwezi kulijaza na hao. Utajikuta unaagiza goldifishi ili rafu zisikae tupu, na hao ndo mtoto wa jirani yako angewauliza angekua sahihi, asili yao ni China kweli.

bomba_na_umeme

Mi ni fundi umeme nimefanya hesabu ya haraka. Matangi 8 ya dukani, kila moja filta ya wati 8 usiku na mchana na taa ya wati 10 kwa masaa 10. Filta zote ni uniti 1.5 kwa siku, taa ni 0.8. Kwa mwezi ni kama uniti 70. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 356 ni kama elfu 25. Dar hita huhitaji. Kwahiyo bili ya umeme sio tatizo lako.

Tatizo lako ni umeme kukatika saa 8 usiku na duka limefungwa kufuli na ww uko nyumbani. Nyumbani unaamka unafanya kitu. Dukani utajuaje? Weka bajeti ya inveta na betri tangu siku ya kwanza. Na kama huwezi kuzinunua usifungue.

tangi_la_tabata

Hilo nalijua kwa uchungu mkuu. Mwaka juzi umeme ulikatika tukiwa msibani Morogoro, masaa 19. Nimerudi tangi la lita 225 lote wako juu wamepanua midomo, maji ya moto hewa inaisha haraka. Nilichota na jagi nakumwaga kutoka juu ili maji yapige povu, mimi na mama watoto tunapokezana mpaka saa 9 usiku. Tulipoteza 14. Wengi walikua wakubwa, maana wakubwa ndo wanatangulia, wadogo wanavumilia. Tangu hapo nina pampu mbili za betri ila kwa matangi 8 ya dukani hazitoshi.

mzee_wa_pasiansi

Kijana naomba niulize swali moja tu. Mteja akija na mwanae, mtoto analia anataka goldifishi na lile bakuli la duara la kioo, baba ana elfu 20 mkononi. Utamuuzia?

tangi_la_tabata

Hapana mzee. Hilo nimeshaamua zamani, bakuli siuzi. Goldifishi anakua mkubwa na anachafua maji kuliko samaki wengi, kwenye bakuli la lita 4 lisilo na filta ule uchafu wake unageuka sumu, siku ya nne ya tano kawa amelala ubavu. Mtoto analia, baba anasema samaki ni wa kufa tu hawafugiki, hao hawarudi tena kwenye huu mchezo maisha yao yote. Nimeshaokoa goldifishi wa hivyo watatu.

hesabu_kwanza

Naheshimu sana hilo. Ila jua unachosema kibiashara. Huyo wa bakuli ndo mteja wa kupita njia, ndo mteja anaeletwa na frem ya lami. Kama hutamuuzia yeye basi unalipa laki 2 na nusu ya lami kwa ajili ya mtu ambae utamrudisha mikono mitupu. Wateja unaowataka ww, wa tangi la lita 70 kwenda juu na filta, ni watu wanaotafuta, hao hata ukiwa uchochoroni watakuja. Kwahiyo frem ya lami sio ya duka unalolitaka.

jumbe_wa_kitaa

Duh dada umeongea kitu. Mi nilikua wa kwanza kusema fungua ila hapa nimeona. Mwenye uzi duka lako na hiyo frem ni vitu viwili tofauti.

furu_mweusi

Naomba nichangie kidogo nje ya hela. Mi ni wa Mwanza pia. Ukifungua, popote utakapofungua, waambie wateja wako wasije wakamwaga samaki mtoni au bwawani wakiwachoka. Sisi huku tunajua. Sangara aliletwa kwenye Ziwa Victoria miaka ya 50 na 60, wazee wetu walikua wanakula furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwani, wa kila namna, leo aina nyingi hazipo kabisa na hazitarudi. Ziwa zima. Tangi moja la mtu aliehama nyumba linaweza kuanzisha jambo. Weka hata kikaratasi ukutani, na sema utawapokea samaki wasiotakiwa bure.

tangi_la_tabata

Nitawapokea mkuu, nakuahidi hapa mbele ya watu. Mama yangu ni wa Ukerewe, furu nilimsikia kwake kabla sijajua siklidi ni nini. Nilipokuja kusoma kwamba furu na duboisi ni ukoo mmoja nilimpigia simu kumwambia, akacheka akasema mbona hawafanani.

tangi_la_tabata (mrejesho wa kwanza, Jumamosi)

Wakuu leo nimekwenda kwenye frem. Sikwenda na dalali, nilimuomba kijana wa saluni ya jirani funguo anazotunza nikamwambia nataka kupima. Nilibeba ndoo ya lita 20 ya maji kutoka nyumbani na kipimajoto.

Saa 6 mchana nimeweka ndoo pale ambapo rafu ya matangi ingekaa. Maji nyuzi 27. Mlango wa kioo unaangalia magharibi, sikuwahi kulifikiria hilo kabisa maana siku zote nilizokwenda ilikua asubuhi. Saa 8 jua likaanza kuingia, saa 10 lilikua limefika mpaka ukuta wa nyuma. Nilikaa pale kwenye kreti ya soda naangalia kipimajoto. Saa 10 na nusu nyuzi 33. Ndoo ambayo ilikua imetulia, haina hata samaki. Nikaweka mkono ni maji ya kuoga.

Halafu hakuna sehemu ya kumwaga maji. Matangi 8 nikibadilisha robo kila wiki ni lita 150 hivi, ningeyabeba kwa ndoo kuvuka barabara. Bomba lenyewe la wapangaji ni la kisima, nikaonja, lina chumvi kidogo. Sio mbaya kwa wa Tanganyika, wao wanapenda maji magumu yenye magadi magadi, ila kwa wateja wanaotumia maji ya DAWASA ningekua nawauzia samaki aliezoea maji mengine.

Kijana wa saluni akanambia pale kabla kulikua na duka la simu, kabla ya hapo keki, kabla ya hapo nguo za watoto. Miaka mitatu.

Nilivyorudi nimemsimulia mama watoto. Akaniuliza kwahiyo tatizo ni frem au ni duka? Nikakosa jibu la haraka.

kuhe_wa_ujiji

Ndoo ya maji na kipimajoto, hapo umefanya kitu ambacho wengi hawafanyi. Nakuongezea moja. Tangi jipya linataka wiki 4 mpaka 6 bakteria wajijenge kwenye filta ndo ujaze samaki. Ungelipa pango mwezi na nusu unaangalia maji matupu. Au utumie sponji kuukuu za nyumbani.

nyuzi_na_krosheti

Kaka hilo swali la shemeji ndo uzi mzima. Jibu hilo kabla ya Jumatatu.

hesabu_kwanza

Nina wazo. Katika wateja wako wa usafi hakuna mwenye duka lake lenye nafasi? Mtu anaeuza kitu kinachokaribiana, chakula cha mifugo, maua, hata mgahawa. Umuombe kona, umlipe kidogo kwa mwezi, umtunzie tangi lake bure. Ofisi haitakuelewa ila mwenye duka anaelewa, tangi la samaki linasimamisha watu.

tangi_la_tabata (mrejesho wa pili, Jumatano)

Samahanini nimekua kimya, nilikua nazunguka.

Jumatatu nimempigia dalali nimemwambia hapana. Alikasirika kidogo akasema kuna mtu mwingine anaitaka, nikamwambia ampe. Nimekata simu mikono inatetemeka, sijui kwanini, maana ile frem nilishaipaka rangi kichwani.

Baada ya ushauri wa dada hesabu_kwanza nilikaa na lile daftari, nikapitia wateja mmoja mmoja. Kuna mama mmoja ana duka la vyakula vya kuku na dawa za mifugo, barabara ya ndani, sio lami. Nilimtengenezea tangi la gapi mwaka jana kaliweka juu ya friji ya chanjo. Nikaenda nikamueleza ukweli wote, hata hesabu nikamuonyesha. Ana upande wa ukuta wa kaskazini haupigwi na jua, na nyuma kuna karo la kumwaga maji maana anaosha vyombo vya kunyweshea kuku. Umeme wake una inveta tayari kwa ajili ya ile friji ya chanjo. Bomba_na_umeme nilikukumbuka hapo hapo, nikamuuliza uwezo wake, filta nne za wati 8 inazibeba.

Tumekubaliana elfu 60 kwa mwezi, nalipa mwezi kwa mwezi, tumeandikishana na karatasi iko. Matangi manne tu. Jumamosi kutwa na Jumapili mchana niko mimi, siku nyingine msichana wake anauza chakula na gapi tu, siklidi hauzi bila mimi kuongea na mteja kwanza. Kazini siachi. Wateja wa usafi wanabaki vilevile jioni. Ushauri wa zaidi ya nusu saa nachaji elfu 10, naenda mpaka nyumbani kwa mtu napima maji, nimeiandika kabisa kwenye bei. Dada wa nyuzi hiyo ni yako. Idara ya Uvuvi naenda Ijumaa nimeomba ruhusa kazini.

Jumla niliyotoa mpaka sasa ni laki 7 na elfu 40, rafu ya chuma imekula nyingi maana matangi manne ya lita 72 ni kilo karibu 290 za maji matupu, mbao sikuziamini. Iliyobaki iko benki kwa jina la wote wawili. Mama watoto kasema hiyo ndo hela ambayo hata ikipotea tutalala chumba kimoja.

Mi bado nataka duka langu siku moja, sitaki kuwadanganya. Ila nataka daftari ndo liniambie lini.

mzee_wa_pasiansi

Na bakuli?

tangi_la_tabata

Halipo mzee. Msichana wa dukani nimemwambia akija mtu wa bakuli amuonyeshe tangi dogo la lita 25 lenye filta ya sponji, elfu 45 pamoja na gapi sita, na kama hana hiyo hela ampe namba yangu. Nimempa pia ruhusa ya kumuonyesha mtoto wale duboisi bure muda anaotaka.

furu_mweusi

Na kikaratasi cha ukutani?

tangi_la_tabata

Nimekichapisha leo kwenye steshenari ya jirani na kazini kwetu, kinasema UMEMCHOKA SAMAKI WAKO? USIMMWAGE MTONI, MLETE HAPA. Kiko juu ya tangi la kwanza.

Sponji nimezihamisha jana usiku kutoka matangi ya nyumbani, mbili za miaka mitatu, chafu vizuri, nimezibeba kwenye ndoo ndani ya maji yake zisikauke. Maji yametulia, leo nimeweka gapi kumi waanze. Tangi la nne lina mchanga na mawe tu, nimelitayarisha kwa wale wadogo wanaoishi kwenye magamba ya konokono, watoto wanawapenda kwa sababu kila mmoja ana nyumba yake na anaichimbia. Kuhe wa Ujiji, naomba ukipata magamba matupu yaliyosukumwa ufukweni niokotee kama 40, usichukue yenye konokono hai, nitakutumia hela ya basi. Jumamosi saa 3 asubuhi ndo nafungua, mtu wa Tabata aliesoma huu uzi karibu.